Mteja kalipa mwaka mzima milioni 36, mhasibu kaandika mapato milioni 9. Nani yuko sahihi?

#1 Fagio la Chuma
Wakuu, habari. Msaada tutani.

Nina kampuni ya usafi hapa Dar, tunasafisha maofisi. Kuna kampuni moja binafsi tulisaini nayo mkataba wa miezi 12 kuanzia tarehe 1 Oktoba, milioni 36 bila VAT. Walilipa yote mwishoni mwa Septemba, kabla hatujapeleka hata ndoo. Mwaka wetu wa hesabu unafungwa 31 Desemba.

Rasimu ya hesabu imekuja, mhasibu kaandika mapato ya mkataba huu ni milioni 9. Zile 27 kaziweka upande wa madeni! Mimi sidaiwi na mtu. Pesa iliingia, risiti ya EFD nilitoa. Na hesabu hizi ndizo nataka kupeleka benki kuomba mkopo wa mashine za kusugulia sakafu. Mtu wa benki akiangalia anaona faida kiduchu na deni kubwa.

Pesa iliyoingia kwenye akaunti yangu inakuwaje deni?

#2 Ngoja Waje
Natia nanga hapa. Wajuzi wako njiani.

#3 Debiti Kushoto
Mkuu, mhasibu wako yuko sahihi, usimguse.

Kampuni yako inatumia mfumo wa malimbikizo. Maana yake mapato yanaandikwa huduma inapotolewa, sio pesa inapoingia. Mpaka 31 Desemba umesafisha Oktoba, Novemba na Desemba. 36 gawa kwa 12 ni 3 kwa mwezi, miezi mitatu ni 9. Hizo ndizo ulizozitolea jasho.

27 ni deni la kazi. Unadaiwa miezi tisa ya kufagia na kudeki. Siku pesa ilipoingia alidebiti benki, akakrediti mapato yaliyolipwa kabla, yaani pesa imeongezeka na deni nalo limeongezeka. Kila mwisho wa mwezi anahamisha milioni 3 kutoka kwenye deni kwenda kwenye mapato. Mwezi wa tisa mwakani deni linaisha lenyewe.

#4 Mzee wa Ubungo
Vijana mna mambo. Mimi nimefanya biashara tangu enzi za leja ya mkono. Pesa ikishaingia kwenye droo ni yangu, natoa risiti, naandika mauzo, nalipia mizigo. Mwezi ambao sijaingiza kitu naandika sifuri. Nimesomesha watoto kwa hesabu hizo hizo.

Fagio la Chuma, mhasibu anayepunguza mauzo muulize anamfichia nani.

#5 Bi Asha Tanga
Shikamoo Mzee wa Ubungo. Duka la rejareja mteja analipa na kuondoka na mzigo palepale, pesa na mauzo vinakutana siku moja, kwa hiyo hesabu yako haikukusumbua. Kwenye huduma havikutani.

Chukua fundi cherehani. Mwezi mmoja kabla ya Idi amepokea pesa za kanzu na madera ya mtaa mzima, droo imejaa, lakini hajakata hata kitambaa kimoja. Je, huyo ameshapata faida? Akizitumia zote kulipa kodi ya fremu, uzi na mishahara ya wasaidizi atavitoa wapi?

Milioni 27 ni onyo kwa mwenye kampuni: pesa hii ina mishahara ya Januari hadi Septemba ndani yake, na ina sabuni ndani yake. Nimeona kampuni za huduma zikifa katikati ya mkataba huku wateja wote wamelipa. Hazikukosa kazi. Zilikula pesa ya kazi ambayo bado.

#6 Mzee wa Ubungo
Marahaba binti yangu. Hapo kwenye cherehani nimekuelewa. Ila bado siamini kama ni lazima iitwe deni.

#7 Kikokotoo
Mbona mnagawa 36? Na VAT asilimia 18 mteja kalipa 42,480,000. Gawa kwa 12, mapato ni 3,540,000 kwa mwezi. Mhasibu kakosea kwa miezi mitatu yote.

#8 Debiti Kushoto
Kikokotoo hapana. VAT sio mapato hata siku moja. Ile 6,480,000 unaikusanya kwa niaba ya TRA, inapita tu kwako.

Na benki haikuingia 42,480,000 pia. Kama mteja anafuata sheria, alikata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye ada ya huduma, yaani 1,800,000. Zilizoingia ni 40,680,000. Lakini mapato yanabaki 36 kamili, sababu ile 1.8 ni kodi yako ya mapato iliyolipwa mapema. Dai cheti chake, utakipunguza kwenye kodi ya mwaka.

#9 Fagio la Chuma
Debiti Kushoto umepatia mpaka shilingi, iliingia 40,680,000. Cheti cha zuio ninacho.

Kuna jambo sikulisema. Jengo lilikuwa limetoka kwenye ukarabati. Wiki ya kwanza ya Oktoba tulifanya usafi wa kina: kukwangua rangi kwenye vioo na vigae, kuosha mazulia, kufuta vumbi la saruji mpaka juu ya dari. Nilikodi mashine na kuongeza vibarua. Kazi ile peke yake huwa natoza milioni 4. Mhasibu kaigawa sawasawa na kufagia kwa kila siku, kana kwamba Oktoba ilikuwa sawa na Machi.

#10 Sikonge Finansi
Aisee, hilo linabadilisha mchezo.

IFRS 15, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa mapato ya mikataba, inataka uangalie ndani ya mkataba kuna ahadi ngapi. Usafi wa kina ni huduma inayouzika peke yake, unaiuza kwa wengine kila siku, na mteja angeweza kumpa mtu mwingine. Ni ahadi ya kwanza. Usafi wa kawaida wa miezi 12 ni ahadi ya pili. Bei ya mkataba inagawanywa kwa uwiano wa bei ya kila kimoja kikiuzwa peke yake.

Tuseme usafi wa kawaida bila punguzo ungetoza milioni 3 kwa mwezi, yaani 36 kwa mwaka. Jumlisha 4 za usafi wa kina, ni 40. Mteja kalipa 36, punguzo linagawanywa kote kote. Usafi wa kina unapata 4/40 ya 36 = milioni 3.6, yote inaingia Oktoba. Inabaki 32.4, gawa kwa 12 ni 2.7 kwa mwezi, miezi mitatu 8.1.

Jumla mpaka Desemba ni milioni 11.7, sio 9. Deni linashuka mpaka 24.3.

#11 Debiti Kushoto
Sikonge, hesabu yako imenyooka ila umeruka kikwazo. Haitoshi huduma kuuzika peke yake. Inabidi iwe tofauti na nyingine *ndani ya mkataba huu*. Mkataba unasema nini? Kama umeandika tu "kuweka jengo katika hali ya usafi kwa miezi 12", basi kukwangua rangi ni njia ya kufikia hali hiyo. Mteja kanunua jengo safi kwa mwaka. Ni mfululizo wa huduma moja, unagawa sawasawa.

Zile gharama za mwanzo kama ni za maandalizi ya mkataba kweli na zitarudi, kiwango kinaruhusu uziweke kama mali na kuzipunguza kidogo kidogo. Hapo Oktoba haiumii hata bila kuongeza mapato.

#12 Sikonge Finansi
Maandalizi ni yale ambayo mteja hapati kitu: kufungua faili, kupanga zamu, kufundisha wafanyakazi. Hapa mteja alipata vioo vinavyoonyesha nje siku ya saba. Amepokea huduma. Huwezi kuiita maandalizi.

#13 Debiti Kushoto
Vioo vingechafuka Novemba kama ungeondoka. Nipe vifungu vya mkataba kwanza.

#14 Ngoja Waje
Hawa wawili wakianza hawamalizi. Mwenye uzi ameomba maji, mnamletea bahari.

#15 Mwanachuo wa Mzumbe
Samahani wakubwa, IFRS 15 ilianza 2014, kabla yake tulitumia IAS 18. Kwa hiyo mikataba yote kuanzia 2014 inafuata hatua zake tano za kutambua mapato.

#16 Bi Asha Tanga
Mdogo wangu, ilitolewa Mei 2014, ikaanza kutumika kwa miaka ya hesabu inayoanza 1 Januari 2018. Ilichukua nafasi ya IAS 18 na pia IAS 11 ya mikataba ya ujenzi.

Na kabla hatujaendelea kumpiga Fagio la Chuma na IFRS 15, kampuni ndogo isiyouza hisa sokoni inaweza kutumia IFRS ya biashara ndogo na za kati. Humo kwa toleo la 2015, mapato ya huduma yapo Sehemu ya 23 na unaangalia kazi imefikia hatua gani. Kama kazi ni vitendo visivyohesabika kwa kipindi fulani, unagawa sawasawa, isipokuwa kitendo kimoja kikiwa kikubwa kuliko vingine. Toleo la tatu limetoka Februari 2025, limeleta hatua tano huko pia, linaanza rasmi 1 Januari 2027. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mhasibu ni: tunatumia kitabu gani?

#17 Mwalimu Kibaha
Nasoma kwa makini, maana sisi shule binafsi tuna lile lile. Ada ya muhula mnafahamu. Tatizo langu ni ada ya kujiunga. Mzazi analipa mara moja, hairudishwi hata mtoto akihama kesho. Mkurugenzi anasema hiyo ni mapato siku ileile kwa sababu hairudishwi.

#18 Sikonge Finansi
Mwalimu, kutorudishwa sio kigezo. Kigezo ni: mzazi amepata huduma gani siku hiyo? Kama ni jina kuandikwa kwenye rejista tu, hiyo sio huduma. Ada ile ni malipo ya mapema ya masomo yajayo, unaisambaza. Swali gumu ni kwa muda gani. Kama inamfaidi anaporudi kila mwaka bila kulipa tena, utatazama wanafunzi wenu hukaa miaka mingapi. Sare na vitabu alivyokabidhiwa siku hiyo viondoe humo, hivyo ni mapato palepale.

#19 Mwalimu Kibaha
Mkurugenzi hatafurahi. Asante mkuu.

#20 Njia ya Ngorongoro
Arusha tunawasalimu. Huku kwenye utalii ndiko shule ya somo hili. Mgeni anaweka dipoziti Januari kwa safari ya Agosti. Zile dola tusipoziita deni, kila Januari tungekuwa matajiri na kila Agosti maskini, wakati Agosti ndipo magari yote yapo mbugani.

Safari ikianza 28 Desemba na kuisha 4 Januari, tunahesabu siku. Nne kati ya nane ziko mwaka huu, nusu ya mapato yanaingia mwaka huu. Kuna wenzetu wanangoja mgeni apande ndege ndipo waandike yote, na wakaguzi wao wamewapitisha kwa sababu kiasi ni kidogo.

Sasa kiporo. Dola ya dipoziti na dola ya siku ya safari hazilingani. Mapato natumia kiwango cha siku gani?

#21 Bi Asha Tanga
Njia ya Ngorongoro, hilo lilijibiwa na IFRIC 22, ufafanuzi wa kimataifa kuhusu malipo ya mapema kwa fedha za kigeni, tangu 2018. Dipoziti isiyorudishwa unaiandika kwa kiwango cha siku ulipoipokea na inabaki hapo. Safari ya dola 10,000, tuseme 3,000 zilikuja dola ikiwa 2,600: milioni 7.8. Zilizobaki 7,000 kalipa akifika, dola ikiwa 2,500: milioni 17.5. Mapato ni 25.3. Usichukue 10,000 nzima mara kiwango cha Agosti.

Kama masharti yenu yanampa mgeni haki ya kurudishiwa, hapo ni deni la pesa, na deni la pesa la dola unalitathmini upya kila unapofunga hesabu.

#22 Njia ya Ngorongoro
Ndiyo maana hesabu zetu zilikuwa zinapishana na za mkaguzi kila mwaka. Ubarikiwe dada.

Na viingilio vya hifadhi? Tunavikusanya kwa mgeni, tunavilipa TANAPA. Nusu ya mauzo yetu yanaweza kuwa viingilio.

#23 Nairobi Baridi
Nichangie kutoka Kenya, kwa sababu sisi tunafanya biashara ya kupeleka wafanyakazi kwa makampuni na swali ni hilo hilo. Mteja anatulipa milioni 5 za Kenya, milioni 4.5 ni mishahara, laki tano ni kamisheni yetu. Mauzo ni milioni 5 au laki tano?

Jibu ni nani anayeshika huduma kabla haijamfikia mteja. Wafanyakazi ni wako, unawasimamia, mmoja akikosa kufika wewe ndiye unayetafuta mwingine? Andika milioni 5. Unalipa mishahara tu kwa niaba na mteja ndiye anayewaajiri? Laki tano. Faida ni ileile. Lakini mauzo yanakuwa mara kumi, na tenda nyingi huuliza mauzo.

Kwa viingilio naona unapitisha tu pesa, sio mapato yako.

#24 Njia ya Ngorongoro
Nairobi Baridi, sikubali moja kwa moja. Mimi nauza safari nzima kwa bei moja. Mgeni hajui kiingilio ni shilingi ngapi, na kikipanda baada ya kukubaliana bei naumia mimi. Nimeuza safari, na kiingilio kimo ndani kama dizeli ilivyo ndani.

#25 Nairobi Baridi
Ukiuza kifurushi kwa bei moja, una hoja. Ukimwandikia mstari wa peke yake kwenye invoisi, "viingilio kama vilivyo", hoja inapungua nguvu.

#26 Mzee wa Ubungo
Haya, mimi nina swali moja kwa wasomi wote. TRA nao watakubali 9? Au watasema umepokea 36, lipia 36?

#27 Debiti Kushoto
Mzee, gawa mara mbili. VAT haijali mapato yameandikwa lini. Kinachotangulia kati ya invoisi, malipo na huduma ndicho kinachoshika. Alilipwa Septemba, basi ile 6,480,000 yote iliingia ritani ya Septemba, mwisho tarehe 20 Oktoba.

Kodi ya mapato, Sheria ya 2004 inasema kampuni inatumia mfumo wa malimbikizo. Kwa hiyo ni 9.

#28 Kikokotoo
Kuhusu VAT niliteleza, hapa sitelezi. Sheria hiyohiyo inasema kwa mfumo wa malimbikizo kiasi kimepatikana pale mtu anapokuwa na haki ya kukipokea. Kama mkataba unasema yote yalipwe Septemba, haki ya kupokea ilikuwepo Septemba. Ofisa anaweza kukomaa na 36.

#29 Sikonge Finansi
Na sheria hiyohiyo inaanza kwa kusema muda wa kutambua mapato unafuata kanuni za uhasibu zinazokubalika. Utazisoma mbili kwa pamoja. Nimeona watu wenye akili timamu wakisimama pande zote mbili.

Mwenye uzi aandae mkataba, ratiba ya kazi na karatasi za kusaini kila mwezi kwamba huduma imetolewa. Bila karatasi hizo hata 9 utashindwa kuitetea.

#30 Kamanda wa Lindo
Nyie mnalia kulipwa mapema! Kampuni yetu ni ya ulinzi. Kuna taasisi ya umma tumelinda Aprili mpaka Juni, walinzi wamekesha, daftari la zamu limesainiwa kila asubuhi. Malipo yamekuja mwaka wa fedha ukiwa umeshapita. Kwa mfumo wenu nimeandika mapato Juni, nimetoa invoisi Juni, nimelipa VAT kwa pesa ya mfukoni, na faida imeonekana kubwa wakati mishahara naikopea. Wapi haki?

#31 Bi Asha Tanga
Pole sana Kamanda. Huo ndio upande wa pili na ndio unaoua kampuni za ulinzi nyingi. Mapato ni ya Juni kweli, kazi ilifanyika. Lakini wadaiwa wako usiwaache kwa thamani kamili. IFRS 9, kiwango cha uhasibu kinachogusa wadaiwa, inakutaka ukadirie hasara tangu siku ya kwanza: wa siku 30 asilimia hii, wa siku 90 asilimia ile, kwa kuangalia historia yao ya kulipa. Na angalia taarifa ya mzunguko wa fedha kabla ya faida. Mtu wa kampuni ya huduma anayesoma faida peke yake anajidanganya.

#32 Sikonge Finansi
Nakazia. Carillion ya Uingereza ilikuwa inasafisha hospitali, inapika chakula cha shule, inajenga barabara. Waliandika mapato ya mikataba kwa matumaini makubwa kuliko yaliyokusanyika. Julai 2017 wakafuta pauni milioni 845 kwenye mikataba, na 15 Januari 2018 wakaanguka. Kabla ya kufuta huko vitabu vilikuwa vinaonyesha faida.

#33 Mwanachuo wa Mzumbe
Mbona mwalimu wetu hatupi mifano hii? Naomba uzi huu usifungwe, nina mtihani.

#34 Fagio la Chuma
Nimerudi, nimechimbua mkataba. Debiti Kushoto uliomba vifungu. Kifungu cha 3 kinasema: "(a) usafi wa kina baada ya ukarabati, utakaokamilika ndani ya siku saba na kukabidhiwa kwa maandishi, (b) usafi wa kila siku kwa miezi 12." Bei ni moja, haijagawanywa. Hati ya makabidhiano ya siku ya saba ninayo, ina mhuri.

Kifungu cha 11: upande wowote unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya siku 30, na pesa ya miezi iliyobaki inarudishwa.

#35 Sikonge Finansi
Makabidhiano kwa maandishi! 11.7. Nimemaliza.

#36 Debiti Kushoto
Kwa (a) nakupa, umeshinda nusu. Lakini soma 11. Kama mteja anaweza kuondoka kwa siku 30 bila adhabu na kurudishiwa chake, basi mkataba wenye nguvu sio wa miezi 12. Ni wa mwezi mmoja mmoja unaojirudia. Punguzo lako la kugawanya kwenye 40 linasimama juu ya miezi 12 ambayo mteja hajajifunga nayo. Ukigawa juu ya Oktoba peke yake, namba inahama tena. Na sehemu kubwa ya ile 27 inakuwa pesa ya mteja anayoweza kuidai, sio deni la kazi tu.

#37 Mzee wa Ubungo
Kumbe kweli ni deni.

#38 Nairobi Baridi
Na benki wakisoma hicho kifungu cha 11 watauliza hivyo hivyo. Peleka rasimu pamoja na mkataba na jedwali la mikataba yote iliyolipwa mapema, kila mmoja umebakiza miezi mingapi. Mkopeshaji anayeelewa huduma ataona 27 ni kazi ambayo tayari unayo mkononi.

#39 Fagio la Chuma
Asanteni sana. Kesho nakaa na mhasibu, nambebea kifungu cha 3 na cha 11.

Swali la mwisho. Mwezi Februari mteja anafunga ofisi wiki mbili kwa mafunzo ya wafanyakazi wake. Kasema tusiende. Hajaomba kurudishiwa. Hizo wiki mbili ni mapato au bado nadaiwa?

#40 Bi Asha Tanga
Vijana wako wiki hizo umewaweka tayari kwa ajili yake, au umewapeleka kwa mteja mwingine?

#41 Fagio la Chuma
Nusu nawapeleka kwingine.

#42 Debiti Kushoto
Hapo tena kuna kazi. Mkataba unasema zamu au unasema jengo?

#43 Kamanda wa Lindo
Sisi kwenye ulinzi tunasema lindo likifungwa na mteja, zamu inalipwa. Ila iwe imeandikwa.